Nani Ametia Sahihi? Maombi ya Umma kwa Bunge na Mageuzi ya Jamii na Dini

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya kikao cha pamoja cha jumuiya za kinamama, vijana na viongozi wa dini. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Mwenyekiti wa kikao, mashekhe na maustadhi wetu, maaskofu na wachungaji, mama zangu wa jumuiya, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kutusikiliza: assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na salamu za heri kwa kila mmoja.

Nimepewa mada ya maombi ya umma kwa Bunge, na kamati imenidokeza kwamba kuna swali linalorudi katika kila mkutano wenu. Ombi letu kuhusu wajane wanaofukuzwa majumbani kabla mirathi haijagawanywa likusanye sahihi ngapi ndipo wabunge walisikie? Elfu kumi? Laki moja? Nitalijibu swali hilo, lakini nitalijibu kwa kuwapitisha Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, kwa sababu huko watu wa kawaida, wengi wao wasio na kura, waliikuza desturi ya kuliandikia Bunge juu ya mambo ya jamii na ya dini mpaka ikawa nguvu ambayo hakuna serikali iliyoweza kuipuuza moja kwa moja. Na mengine waliyoyaomba huko yalikuja kutufikia sisi wa pwani hii.

Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1661, watawala wakiwa bado wanakumbuka umati uliolizingira Bunge wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipitishwa sheria kwamba ombi la kutaka sheria ibadilishwe lisikusanyiwe majina zaidi ya 20 bila idhini ya wakuu wa mahali, na kwamba watu zaidi ya 10 wasifuatane kulipeleka. Miaka 27 baadaye Mfalme James wa Pili, aliyekuwa Mkatoliki, alitoa tamko la kuwapa uhuru wa ibada Wakatoliki na Waprotestanti waliokuwa nje ya kanisa rasmi, akaamuru lisomwe makanisani kote. Askofu Mkuu William Sancroft pamoja na maaskofu wengine 6 walimwandikia mfalme ombi la unyenyekevu, wakimsihi asiwalazimishe kulisoma, kwani hakuwa na mamlaka ya kuzitangua sheria za Bunge kwa neno lake peke yake. Mfalme akawafunga katika Tower of London na kuwashtaki kwa uchochezi. Tarehe 30 Juni 1688 wazee wa baraza la mahakama waliwaona hawana hatia, na mwaka uliofuata Hati ya Haki ikaandika waziwazi kwamba raia wana haki ya kumwomba mfalme, na kumshtaki mtu kwa sababu ya ombi ni kinyume cha sheria.

Tazameni jambo hili kwa makini, ndugu zangu. Maaskofu hao walishinda kesi iliyohusu kukataa kusoma tamko ambalo lingewapa wengine uhuru wa kuabudu. Tangu mwanzo kabisa, haki ya kuomba haikuchagua upande.

Sasa twendeni Manchester, mwaka 1787. Mwezi Mei mwaka huo watu 12 walikutana London kuunda kamati ya kupinga biashara ya watumwa, na 9 kati yao walikuwa Waquaker, watu wa dhehebu lile lile ambalo wenzetu wa Kaimosi wanalijua vizuri kwa jina la Kanisa la Friends. Kamati ilimtuma kijana mmoja, Thomas Clarkson, azunguke bandarini kukusanya ushahidi. Alipofika Manchester aliombwa ahubiri, na alipoingia kanisani alikuta limejaa pomoni. Kuizunguka mimbari walisimama watu weusi ambao yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba huenda walikuwa 40 au 50. Mji wenyewe ulikuwa wa pamba na nguo. Bidhaa zake zilipakiwa katika meli zilizokwenda kununua watu Afrika Magharibi, kwa hiyo kila aliyepinga biashara ile alikuwa anapinga riziki ya jirani yake, pengine na yake mwenyewe. Hata hivyo, ombi la Manchester lilitiwa sahihi na watu zaidi ya 10,000 katika mji wa watu wapatao 50,000.

Waandaaji hawakuishia hapo. Walilipia matangazo magazetini nchi nzima kuihimiza miji mingine nayo iandike. Bunge lilipokea maombi yapatayo 100 mwaka 1788, na mwaka 1792 yalifika 519, yenye sahihi zinazokadiriwa kuwa karibu 400,000. Halikuwahi kupokea kiasi hicho juu ya jambo moja katika kikao kimoja.

Je, biashara ile ilikomeshwa mwaka 1792? Haikukomeshwa. Waziri Henry Dundas alisimama akaunga mkono hoja, kisha akachomeka neno moja tu, kwamba biashara ikomeshwe polepole. Baraza la chini lilipitisha hoja hiyo iliyokwisha kulainishwa kwa kura 230 dhidi ya 85, Baraza la Malodi likaiahirisha, vita na Ufaransa vikaanza mwaka uliofuata, na kila aliyezungumza juu ya mageuzi akaonekana msaliti. Sheria ilipatikana mwaka 1807. Karibu sahihi laki nne, na miaka 15 ya kungoja! Nawaambieni haya mapema ili asitokee mtu wa kuvunjika moyo tukikaa miezi sita bila jibu.

Lakini kuna upande mwingine wa historia hii ambao wanaharakati hatupendi kuusimulia, nami naona ndio wenye faida zaidi kwetu leo.

Mwaka 1778 Bunge lilikuwa limewapunguzia Wakatoliki baadhi ya vikwazo vya kisheria. Chama cha Waprotestanti, chini ya Lord George Gordon, kiliandaa ombi la kutaka sheria hiyo ifutwe, lenye sahihi zilizosemekana kuwa 44,000. Tarehe 2 Juni 1780 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwa na vifundo vya utepe wa buluu kofiani, waliandamana hadi Westminster. Wabunge na malodi walivutwa kutoka katika magari yao ya farasi na kupigwa. Gordon alikuwa akitoka na kurudi ukumbini, akiutangazia umati ni mbunge gani anayezungumza kuwapinga. Fikirieni hali hiyo: mtu amekuja na karatasi ya maombi mkononi, na nyuma yake mlango unagongwa na watu wenye marungu. Ilipopigwa kura kama ombi lizungumziwe papo hapo, waliosimama na Gordon hawakufika hata 10.

Usiku huo makanisa ya Kikatoliki ya balozi za Sardinia na Bavaria yalivunjwa. Siku zilizofuata gereza la Newgate lilichomwa moto, Benki ya Uingereza ikashambuliwa, na jeshi likaitwa. Waliouawa walipindukia 280. Sheria ya 1778 haikufutwa. Gordon alishtakiwa kwa uhaini akaachiliwa, na baadaye, kwa kisa kingine kabisa, alifungwa katika gereza la Newgate lile lile, lililokwisha kujengwa upya, akafia humo mwaka 1793 akiwa ameingia dini ya Kiyahudi.

Mtasema hiyo ilikuwa fujo, haikuwa ombi. Sawa. Basi chukueni mwaka 1829, ambapo hakukuwa na fujo ya aina hiyo. Daniel O'Connell, Mkatoliki wa Ireland, alikuwa ameshinda uchaguzi wa County Clare mwaka 1828 lakini asingeweza kuketi bungeni kwa sababu ya kiapo kilichoitukana imani yake. Serikali ya Duke of Wellington, ikiogopa Ireland isilipuke, ilileta mswada wa kuwafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge. Maombi yakamiminika kutoka mijini na vijijini Uingereza, na yaliyopinga mswada yalikuwa mengi kuliko yaliyouunga mkono. Yalikuwa maombi halali, yenye adabu, ya watu wa kweli. Bunge liliyapokea yote, kisha likaupitisha mswada.

Nawauliza ninyi mliokaa humu, mashekhe upande huu na wachungaji upande ule: je, Bunge lilikosea? Mimi nasema halikukosea. Wengi walikuwa wanaomba jirani yao azuiwe kile ambacho wao wenyewe walikuwa nacho, na wingi wa majina hauwezi kulihalalisha jambo la namna hiyo. Haki ya kuliomba Bunge ni haki ya kusikilizwa. Haijawahi kuwa haki ya kupewa. Anayekubali hilo wakati yeye ndiye anayeomba, akalikataa wakati wengine wanaomba, bado hajaielewa haki anayoidai. Na katika mji kama huu wetu, wenye misikiti, makanisa na mahekalu katika mtaa mmoja, siku yetu ya kuwa wachache juu ya jambo fulani itafika tu.

Nikija kwenye mageuzi ya dini hasa, ambayo najua ndiyo yanayoleta ubaridi katika vikao vyetu, kuna kisa cha India ambacho kinastahili muda zaidi. Mwaka 1813, mkataba wa Kampuni ya India Mashariki ulipofikia wakati wa kufanywa upya, Bunge la Uingereza lilipokea maombi zaidi ya 800 yaliyotaka India ifunguliwe kwa wamishonari. Walioyatia sahihi walikuwa Wakristo wema wa vijiji vya Uingereza, ambao wengi wao hawakuwahi kukutana na Mhindi hata mmoja. Walisema juu ya watu ambao hawakuwauliza neno. Walipata walichotaka, na chuki waliyoipanda ilibaki.

Linganisheni na Ram Mohan Roy wa Bengal. Huyu alikuwa Mhindu, msomi wa Kisanskriti, Kiarabu na Kiajemi, aliyekuwa akiipinga desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe. Mwaka 1818 alichapisha kwa Kibengali majibizano kati ya mtetezi wa desturi hiyo na mpinzani wake, na hoja zake alizitoa katika maandiko ya Kihindu yenyewe. Aliwaambia watu wake kwamba dini yao haikuwaamuru jambo hilo. Gavana Mkuu William Bentinck alipoipiga marufuku desturi hiyo tarehe 4 Desemba 1829, wakubwa wa Kalkuta walioikasirikia amri hiyo waliandika ombi, wakaunda jumuiya ya kulitetea, na wakakata rufaa mpaka kwenye Baraza la Ushauri la Mfalme huko London. Walikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo.

Roy naye alipanda meli. Alifika Liverpool Aprili 1831, akiwa na maombi kutoka kwa Wahindi wenzake ya kuitetea amri, ili yawasilishwe bungeni, na mwaka 1832 Baraza la Ushauri likaitupilia mbali rufaa ya wapinzani wake. Mwaka uliofuata aliugua akafariki Bristol, mbali na kwao. Jambo ambalo halisimuliwi mara nyingi ni kwamba Bentinck alipomwomba ushauri kabla ya marufuku, Roy alimtahadharisha asifanye pupa, kwa kuwa amri ya ghafla kutoka kwa mtawala wa kigeni ingewafanya watu waione kuwa vita dhidi ya dini yao. Amri ilipotoka, hata hivyo, alisimama nayo. Naiheshimu sana busara hiyo. Uzito wa ombi lake ulitoka wapi? Aliwasemea walio wake, kwa vitabu vyao, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba ni mgeni aliyekuja kuwavurugia.

Mama zangu, kisa kinachofuata ni chenu.

Maombi ya 1792 yalitiwa sahihi na wanaume. Kwa miaka mingi wanawake walifanya kazi ya nyumba kwa nyumba, kugawa vijitabu na kushawishi watu wasinunue sukari ya watumwa, lakini majina yao hayakuonekana kwenye karatasi. Hata William Wilberforce, jina kubwa kuliko yote katika vita hivyo bungeni, hakupendezwa na wanawake waliopita mitaani kuchochea maombi. Aliona kwamba mambo hayo hayawafai. Wanawake hawakumsubiri. Mwaka 1824 Elizabeth Heyrick wa Leicester alichapisha kijitabu kilichowashutumu wanaume kwa ile “polepole” yao na kudai ukombozi wa mara moja. Vyama vya wanawake vikaenea. Tarehe 14 Mei 1833 Thomas Fowell Buxton aliwasilisha bungeni ombi la wanawake lenye sahihi 187,157, karatasi zikiwa zimeunganishwa na kuviringishwa kuwa mzigo mkubwa kiasi kwamba ilibidi wabunge 4 waubebe kuufikisha mezani. Mwaka huo huo maombi zaidi ya 5,000 yalifika, na Agosti sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ikapita.

Ningependa niishie hapo, tupige makofi. Lakini mwaka 1829, kabla ya mzigo ule, kulikuwa na ombi la mwanamke mmoja, Mary Prince. Alizaliwa utumwani Bermuda, akauzwa mara kadhaa, akafika London mwaka 1828 pamoja na mabwana zake wa Antigua. Juu ya ardhi ya Uingereza alikuwa huru kutoka nyumbani mwao. Akirudi Antigua alikokuwa mumewe, angekuwa mtumwa tena. Aliliomba Bunge jambo dogo: arudi kwa mumewe akiwa mtu huru. Hakupewa. Alisimulia maisha yake, yakachapishwa mwaka 1831, na wengi waliotia sahihi mwaka 1833 walikuwa wamesikia habari za watu kama yeye. Sheria ilipotoka, Bunge lilitenga pauni milioni 20 kama fidia. Zililipwa kwa nani? Kwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti, na wengi wakaendelea kufanyishwa kazi kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Wale walioombewa na watu zaidi ya milioni hawakuulizwa na mtu yeyote kwamba, je, nyinyi mngetaka sheria hii isemeje?

Na sisi hapa tunajua mwendelezo wake. Kelele hizo hizo za umma ndizo zilizolifanya Bunge la Uingereza liunde kamati ya kuchunguza biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki mwaka 1871, zikamleta Bartle Frere Unguja mwaka 1873, na mwaka huo Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kila anayepita Kengeleni anapita mlangoni mwa Freretown, makazi ya waliookolewa, yaliyopewa jina la Frere huyo huyo. Hata hivyo, amri ya 1897 ya Unguja ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, na mwenye kumiliki alipwe fidia. Pwani hii ya kwetu ilingoja mpaka 1907. Mpangilio ule ule: wanaotajwa katika sheria ndio wa mwisho kusikilizwa.

Sasa narudi kwenye swali la idadi, na jibu langu ni fupi. Mwaka 1848 Wachartisti, waliodai kura kwa kila mwanamume, walitangaza kwamba ombi lao lina sahihi zaidi ya milioni 5. Makarani wa Bunge walihesabu wakapata chini ya milioni 2, na ndani yake walikuta jina la Malkia Victoria na la Duke of Wellington yameandikwa kama waombaji, pamoja na majina ya matusi na mzaha. Hata hizo zilizohesabiwa zilikuwa karibu milioni mbili, umati mkubwa ajabu, lakini nchi ilicheka. Majina ya uongo yaliyameza ya kweli.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 119, inasema kila mtu ana haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kila mtu, hata akiwa peke yake; hakuna kiwango cha sahihi kilichowekwa hapo. Sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa, mada ikionekana kwenye kila karatasi. Inatutaka tueleze kama tumekwisha kwenda kwa chombo kingine kinachohusika na tukajibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani. Inataka jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba.

Nimeisoma rasimu iliyo mezani hapa. Imeandikwa vizuri, na wanasheria wetu vijana wanastahili pongezi. Lakini nilipofika mwishoni nilikuta waombaji wakuu ni viongozi wa dini 4, wakili mmoja na mwenyekiti wa vijana. Mjane hayumo. Sehemu ya juhudi zilizokwisha kufanywa nayo ina mistari miwili tu, ilhali humu ukumbini wamo kina mama waliozunguka kwa chifu, kwa Kadhi na kwa wazee wa ukoo kwa miaka.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba fomu za sahihi zisichapishwe wiki hii. Kwanza kina mama hao wakae na waandishi wa rasimu, safari zao ziandikwe moja baada ya nyingine pamoja na majibu waliyopewa, na sehemu ya mapendekezo isomwe mbele yao kwa sauti, kila mmoja aseme anaikubali au anaikataa. Wakiikubali, majina yao yatangulie kwenye ukurasa wa kwanza wa waombaji, na asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Mashekhe, wachungaji na mimi tutafuata chini yao.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.